Maji Yasiyotoka Bwawani

Miyuji, Dodoma
19 Mei 2024

Baba Mdogo Abeli,

Shikamoo. Nakusalimu kwa heshima, wewe na nyumba yako yote. Natumaini uwele umeshaingia ghalani, goti la Shangazi Priska limetulia, na mwanao Denis ameacha kulala na redio sikioni. Mimi ni mzima. Wenzangu wamenichagua tena kuwa msemaji wao katika bunge la wanafunzi. Kwa hiyo ukisikia kuna binti wa Gulwe anayewanyima usingizi wakubwa wa chuo kwa ajili ya maji ya mabwenini, usiulize ni wa nani.

Ningeyasema yafuatayo kwa simu, lakini mara ya kwanza ulisema mtandao unasumbua, na mara ya pili ulikata bila kusema lolote. Karatasi haikatiki. Ninamkabidhi kondakta wa basi la Mpwapwa, naye ameahidi kuifikisha mkononi mwako.

Yuko kijana tunayesoma naye, Optatus, mzaliwa wa Bukoba, aliyejua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Anajiandaa kwa michezo ya vyuo. Wiki iliyopita alikwenda kufanya mazoezi alfajiri katika bwawa la kuogelea la hoteli moja hapa mjini, kabla wageni hawajaamka, nami nikafuatana naye kumshikia taulo. Baridi unaijua. Alikuwa amekunywa chupa za maji mfululizo, kwa kuwa aliambiwa mwanamichezo haingii na kiu, na alikuwa amevaa vazi la kuazima lililombana kifua. Akaogelea kwa nguvu zake zote, akaja ukingoni, akaniambia kwa sauti ndogo, "Anna, sipumui." Kisha akakohoa. Kilichotoka mdomoni mwake ni povu la rangi ya waridi, kama maji yaliyooshewa nyama.

Hakuzama. Hakumeza maji. Nilikuwa nimesimama pale nikimtazama tangu mwanzo hadi mwisho.

Nililiona povu lile, Baba Mdogo, na halikuwa geni kwangu. Nililiona nikiwa na miaka saba, kidevuni mwa baba yangu, juu ya tuta la bwawa letu.

Hospitalini alitupokea Daktari Asma. Nikamwambia, "Daktari, mtoe hayo maji aliyoyameza." Akanijibu, "Hakumeza chochote. Haya maji hayakutoka bwawani. Yametoka kwenye damu yake mwenyewe." Akanieleza kwamba mtu akiwa ndani ya maji ya baridi, damu ya mikono na miguu husukumwa kuelekea kifuani, mishipa ya mapafu ikizidiwa, majimaji yake huvuja na kujaa palepale inapotakiwa kuingia hewa. Huwapata waogeleaji na wazamiaji, tena walio hodari, wenye afya na nguvu. Na yapo mambo yanayoichochea hali hiyo: baridi, kujitumikisha kupita kiasi, nguo ya kubana kifua, na kunywa maji mengi kabla ya kuingia.

Soma tena mambo hayo manne. Kisha nieleze ni lipi kati ya hayo ambalo ukoo wetu haumfanyii mzamiaji wake anayezibua bomba la bwawa kila mwaka, kwa makusudi na kwa vigelegele.

Optatus amepona. Alikalishwa wima, akafunikwa, akapewa oksijeni, na kesho yake alikuwa akinitania: "Mimi mtoto wa ziwa kubwa, nimekuja kuzamishwa na beseni la Wagogo." Sikuweza kucheka. Ninaomba jambo moja tu: mwaka huu Denis asizame.

Mwanao,
Anna Matonya

⁂

Gulwe
16 Juni 2024

Mwanangu Anna,

Mbukwa. Marahaba. Barua yako niliipokea, nikaisoma kwa miwani na bila miwani, na kwa namna zote mbili ilinikaripia. Sisi hatujambo. Uwele ulikuwa wa wastani, mtama ndege wamekula sehemu yao. Goti la dada yangu Priska linamruhusu kufika kanisani lakini halimruhusu kufika shambani, nasi tumelizoea. Reli ilikatwa tena na mafuriko ya Machi, mafundi wameondoka juzi.

Nimefurahi kwamba rafiki yako amepona. Mpe pole. Lakini ukumbuke kwamba maji ya hoteli yana dawa, na mwili wa mtu wa ziwani si mwili wa mtu wa huku. Bwawa letu lilichimbwa babu yako akiwa kijana, na mafundi waliomfundisha kuufungua mdomo wa bomba kule chini ndio waliomwambia azame alfajiri, kabla ng'ombe hawajayavuruga maji, maana baada ya hapo hata mkono wako huuoni. Kaniki tunayoikaza kifuani inamkinga mzamiaji na baridi. Kibuyu cha maji anachonyweshwa na mwanamke wa nyumbani kwake kinamshibisha, ili tumbo lililojaa lisipokee maji mengine. Haya hayakutungwa na wajinga.

Bomba limeziba kwa tope na majani. Birika la mifugo linapata maji kama machozi. Kamati ya bwawa imenitazama mimi, mwenyekiti wake, nami sina mwingine wa kumtazama ila Denis. Mwaka jana alifanya kazi nzuri. Alipata mafua kidogo, yakaisha.

Soma kwa bidii. Wakubwa wa chuo uwaachie usingizi kidogo.

Baba yako mdogo,
Abeli Matonya

⁂

Miyuji, Dodoma
23 Juni 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nashukuru kwa habari za nyumbani. Huku tumeingia majuma ya mitihani, na baridi ya Miyuji imewafanya hata wenye maneno mengi kufunga vinywa. Mimi sijafunga.

Umeandika "mafua kidogo". Nimempigia Denis. Aliniambia huku akicheka kwamba mwaka jana, baada ya kutoka bwawani, alilala siku mbili akipumua kama mtu aliyebeba gunia, akatema makohozi yenye wekundu, nawe ukamwambia ni vumbi. Vumbi, Baba Mdogo? Mtu ametoka chini ya maji, nawe unamtafutia vumbi?

Nikamwambia, "Denis, kataa."

Akasema, "Dada Anna, wewe ungeweza kuikataza hata mvua isinyeshe. Mimi nikikataa, nimeogopa. Baba akisema nisizame, hapo sizami, na hakuna wa kunicheka. Ongea na baba."

Kwa hiyo naongea na baba. Daktari Asma nilimrudia, nikamweleza habari za Denis bila kumtaja jina. Aliacha kuandika, akanitazama. Akasema aliyepatwa mara moja yuko hatarini kupatwa tena, na mara ya pili inaweza kuwa nzito kuliko ya kwanza. Akasema mtu huyo asiingie tena kwenye maji kabla moyo wake haujapimwa.

Sasa nifike mahali ambapo kila mtu wa ukoo wetu hugeuza shingo. Baba yangu, kaka yako wa tumbo moja, alitoka majini kwa miguu yake mwenyewe. Nilikuwepo. Alipanda tuta, akakaa, akakohoa. Wanaume wakamshika miguu, wakamning'iniza kichwa chini ili maji yamtoke, na kadiri walivyomning'iniza ndivyo alivyozidi kukosa pumzi. Kabla jua halijapanda mlisharidhiana juu ya sababu: mama yangu, Raheli, alimpa mumewe kibuyu pungufu, na bwawa likamalizia lililopungua. Kwa hukumu hiyo alirudishwa kwao Chemba, nami mkanibakiza. Na kwa hukumu hiyo mkaongeza kibuyu, kikawa kikubwa kuliko cha zamani.

Je, mmewahi kukaa mkajiuliza? Mtu mmoja alikufa kwa kujazwa kupita uwezo wa mapafu yake, na dawa mliyoileta ni kuwajaza zaidi wanaomfuata. Hamkumwonea mwanamke tu. Mliufanya uonevu ule kuwa kanuni ya kazi, na kila mwaka mnaufunga kwa kaniki kifuani mwa kijana mwingine.

Nitakuuliza swali, na nitaliuliza tena kila nitakapoandika: siku ile, baba yangu alikimaliza kibuyu, au hakukimaliza? Wewe ndiwe uliyemfunga kaniki. Ulikuwa umesimama hatua chache kutoka kwake.

Mwanao,
Anna

⁂

Gulwe
21 Julai 2024

Mwanangu Anna,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, tulikuwa na mazishi ya jirani, kisha mbuzi wawili waliugua. Priska anakusalimu, anauliza kama unakula vizuri. Amekutengea unga wa ubuyu.

Kamati imekaa. Kazi ya bwawa itafanyika Jumamosi, tarehe kumi ya Agosti. Niliuliza kama ingewezekana kungoja Oktoba, maji yapungue, watu waingie kwa miguu. Wakaniuliza ng'ombe watakunywa nini hadi Oktoba, na kwa nini mwaka huu mwenyekiti ana mashaka ambayo hakuwa nayo miaka mingine yote. Nikasaini tarehe waliyoitaka.

Unajua desturi: mtoto wa aliyefia bwawani hapandi tuta siku hiyo. Usije.

Mengine uliyoandika nimeyasoma.

Abeli Matonya

⁂

Chemba
28 Julai 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Ninakuandikia kutoka kwenye kibanda cha Mama, anapouza mafuta ya alizeti karibu na mnada. Hajambo. Amekonda kidogo, macho yake bado makali. Mteja akijaribu kupunguza bei anatazamwa tu, na anaiongeza mwenyewe.

Nilikuja nikiwa na furaha, na ninaona haya kukuandikia neno hilo. Nilijiona wakili anayebeba hati ya kumwachilia mfungwa. Nikamkalisha, nikamweleza yote ya Daktari Asma, nikamalizia kwa sauti ya bungeni: "Kwa hiyo, Mama, hata kama ulimpa pungufu, hukumuua. Kama ulimpa pungufu, ulimsaidia."

Hakufurahi. Aliweka chini chupa aliyokuwa akiifuta. Akaniuliza, "Kwa hiyo kujaa ndiko kubaya?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Akasema, "Mimi sikumpa pungufu. Nilimpa kikiwa kimejaa hadi kinamwagikia mikono. Akakimaliza. Akaniambia, Raheli, leo kuna baridi, niongeze. Nikamwongezea. Akamaliza na cha pili. Abeli alikuwa amesimama hapo hapo, ameshika kaniki, anasubiri amalize."

Mimi, Anna Matonya, ambaye sijawahi kukaa chini kabla msemaji mwingine hajaomba nafuu, nilikaa. Miaka yote hii nilimdhania mama yangu kuwa ameonewa kwa kosa dogo. Kumbe hakukuwa na kosa hata hilo dogo, na ushahidi ulikuwa umesimama wima na kaniki mkononi. Na mimi, katika haraka yangu ya kumtetea, nimemkabidhi mzigo mwingine, mzito kuliko ule mliomtwika ninyi. Nilimwambia kwamba kibuyu peke yake hakiui, kwamba ilikuwa baridi, na kazi, na kaniki, na kuning'inizwa, kwamba hapakuwa na aliyejua. Aliitikia kwa kichwa. Kisha alikwenda kuwapimia watu mafuta.

Nilisema nitakuja Gulwe tarehe kumi na kulikanyaga katazo lenu mbele ya watu wote. Mama amenizuia. "Usiende. Kijana akiumia na wewe upo, utabebeshwa wewe, kama nilivyobebeshwa mimi. Mwandikie Abeli. Abeli si mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa macho ya watu." Hayo ni maneno yake, si yangu. Yangu yasingekuwa na upole huo.

Basi, bila hotuba. Denis asizame. Ukishindwa kulisema hilo mbele ya kamati, basi asinywe, asifungwe kaniki, na aingie jua likiwa limepanda. Ukishindwa hata hilo, na akaanza kukohoa, msimning'inize. Kateni kila kinachombana, mkalisheni wima, miguu ikining'inia, mfunikeni, mpelekeni hospitalini saa ile ile. Nakusihi. Neno hili silitumii mara kwa mara.

Na swali langu lipo pale pale.

Anna

⁂

Mpwapwa
12 Agosti 2024

Mwanangu Anna,

Denis yuko hai. Naliandika hili kwanza, salamu zitafuata.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la wodi. Priska yuko kando yangu, amelala akiwa ameketi. Unga wako wa ubuyu ameubeba hadi huku, anasema utapata mtu wa kukuletea.

Jumamosi nilikwenda bwawani nikiwa na barua yako mfukoni mwa koti. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Niliwakuta watu wengi kuliko kawaida, nafikiri kwa sababu ya mashaka yangu kule kwenye kamati. Nilijiambia nitasema nikifika kwenye tuta. Nilipofika nikajiambia nitasema Priska akileta kibuyu. Priska akakileta, amekijaza hadi kinamwagika, amekiinua juu ili kila mtu akione, kwa maana yeye pia anajua kilichompata mwanamke wa mwisho aliyesemwa kwamba hakukijaza. Denis akanywa chote. Akakigeuza chini juu, wakashangilia. Mzee mmoja akatania, "Huyu tukimkamua, birika linajaa bila bomba." Watu wakacheka, nami nikacheka, na mikono yangu ikafunga kaniki.

Alizama mara mbili akatoa tope na majani. Maji yakaanza kusikika kwenye bomba. Akazama mara ya tatu, akatoka na kipande cha wavu wa chuma, akapanda tuta mwenyewe, amekiinua kama mshindi, anacheka. Kicheko kikageuka kikohozi. Akakaa. Akanitazama, akasema, "Baba, kifua." Kisha nikaliona povu.

Mwanangu, nimekuwa mtu mzima muda mrefu, na sijawahi kuiona siku moja ikitokea mara mbili. Tuta lile lile. Rangi ile ile. Wanaume walikuwa wameshamshika miguu. Nikasema mwacheni. Hawakuacha. Nikasema tena, kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo, nikaingia katikati yao, nikaikata kaniki kwa kisu, nikamkalisha, mgongo wake kifuani kwangu. Walipiga kelele kwamba namuua mwanangu, maji yatamshukia moyoni. Nikawaambia, "Hana maji ya bwawa huyu. Ni maji yake mwenyewe." Walidhani akili imenitoka. Mfanyabiashara mmoja wa alizeti alikuwa na gari barabarani. Tukampakia akiwa ameketi, nami nikimshikilia. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Hapa walimpa oksijeni na sindano. Daktari aliniuliza nani alinifundisha kumkalisha. Nikasema, mwanangu wa kike. Sasa anapumua vizuri, ila hawamruhusu hadi moyo wake upimwe. Mtaalamu anatoka Dodoma wiki ijayo. Jana alimwomba Priska redio yake.

Lipo jambo jingine. Tulipokuwa tunampakia, yule mzee aliyetania alisogea, akauliza kwa desturi, kama tunavyouliza siku zote, "Kibuyu alikimaliza?" Priska akageuka. Akasema, "Alikimaliza. Mmemwona wote." Waliinamisha vichwa mmoja baada ya mwingine, watu wazima, wengine tuliokuwa nao pale siku ile nyingine, ya kaka yangu. Hakuna aliyemtaja. Lakini nilijua kila mmoja pale amemkumbuka nani.

Bomba limefunguka nusu. Nusu nyingine itangoja Oktoba, na hadi hapo tutachota kwa ndoo, mimi nikiwa wa kwanza. Nimeiambia kamati kwamba nikiwa hai hakuna atakayefungwa kaniki tena pale.

Swali lako sijalijibu kwa kalamu. Si wewe unayestahili kujibiwa kwanza. Nitakwenda Chemba nikitoka hapa, kama atakubali kunifungulia.

Abeli

⁂

Miyuji, Dodoma
15 Agosti 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Mitihani imekwisha.

Barua yako niliisoma nimesimama kituoni, kisha nikaisoma nimekaa chini ukutani, na watu wakanipita wakidhani nimefiwa. Nilimpigia Mama, nikamsomea yote. Aliuliza jambo moja: "Anapumua?" Nikasema anapumua. Akakata simu. Jioni alikuwa mlangoni kwangu hapa Miyuji, na mfuko mmoja, kibanda amemwachia jirani.

Amesema usihangaike kwenda Chemba. Amesema hashuki Gulwe. Anakwenda moja kwa moja Mpwapwa, wodini, kwa Denis, ambaye mara ya mwisho kumwona alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Amesema ukitaka kuzungumza naye usimwite pembeni. Utazungumza hapo hapo kitandani, Denis akisikia, na Shangazi Priska akisikia. Na amesema kabla hujaanza, umpishe kwenye benchi, kwa kuwa basi limemchosha.

Nimejaribu kuandika maneno makubwa hapa, nikayafuta.

Mtu ninayemtuma na barua hii ni yeye mwenyewe. Ameniambia uisome hadi mwisho, ndipo uinue macho.

Anna